Vita ya kamera zisizo na kioo: Sony bado wako mbele au Canon na Nikon washawafikia?

Nuru_ya_Jioni

Wakuu habari za saa hizi. Nina jambo naomba tulijadili kwa uzuri maana nimesoma huku na kule nikazidi kuchanganyikiwa. Napiga picha za harusi na sherehe, nimekaa na DSLR (zile kamera zenye kioo ndani) za Canon muda mrefu, lenzi zangu zote ni EF, aina ya lenzi za DSLR za Canon, nazo ni za milimita 24-70, 70-200 na ile 50 ndogo ambayo kila mtu anayo. Sasa umefika wakati wa kubadili bodi, yaani kamera yenyewe bila lenzi, na kila ninayemuuliza ananiambia achana na DSLR, hamia kwenye zisizo na kioo. Hilo nimelikubali, Canon wenyewe DSLR yao kubwa ya mwisho waliitoa 2020 na Nikon vilevile, kwa hiyo pale hakuna ubishi.

Kinachonisumbua ni nihamie kwa nani. Kuna wanaosema Sony ndio wenyewe, walianza mapema na wengine wanawafuata kwa nyuma. Kuna wanaosema hayo yalikuwa mambo ya 2018, saa hizi Canon na Nikon washafika na pengine wamepita. Watu wa Fuji nao wakianza kusifia rangi hawanyamazi. Mimi sitaki ushabiki, nataka kujua hawa jamaa wanashindania nini hasa siku hizi, maana nikisoma sifa zao naona zote zinafanana, megapikseli 24, fokasi ya jicho, video ya 4K, kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, kila mtu anazo.

Halafu swali la pili ambalo ndilo linaniuma zaidi: nitajuaje kampuni niliyoingia haitaacha biashara ya kamera baada ya miaka michache nikabaki na lenzi yatima? Samsung walikuwepo, wakatoa NX1 nzuri kabisa 2014, leo hawapo. Olympus nao waliuza kitengo chao cha kamera. Naombeni mawazo yenu, hasa nyie mnaofanya kazi na hivi vitu kila siku.

Fremu24

Mkuu swali zuri. Ngoja nianze na historia kidogo maana bila hiyo huwezi kuelewa kwa nini Sony wako pale walipo.

Watu wengi wanadhani Sony ndio waliozianzisha, sio kweli. Panasonic na Olympus ndio walioleta mfumo wa Micro Four Thirds, wa sensa (kile kipande kinachonasa picha) ndogo, 2008, na Panasonic G1 ikatoka mwaka huohuo. Sony waliingia 2010 na zile NEX-3 na NEX-5, sensa ya APS-C, ndogo kuliko fulifremu. Kilichowabeba ni kwamba hawakuwa na cha kulinda. Biashara ya kamera za lenzi za kubadilisha waliinunua kwa Konica Minolta 2006, na kwenye DSLR Canon na Nikon walikuwa wamekamata soko lote, Sony walikuwa wanaokota makombo. Sasa mtu wa namna hiyo akiona njia mpya anaingia mzimamzima, hana wateja wa zamani wa kuwaudhi.

Angalia wenzao walifanya nini kipindi hicho. Nikon wakatoa Nikon 1 mwaka 2011 na sensa ya inchi moja, kadogo kabisa. Canon wakatoa EOS M 2012, fokasi ya polepole na lenzi za kuhesabu kwa vidole. Zote zilitengenezwa zisije zikaua soko la DSLR zao, na mteja aliliona hilo. Nikon 1 ikafa 2018, EOS M ikafungwa 2023. Wakati huo Sony 2013 wakaweka sensa ya fulifremu, ukubwa wa ile filamu ya milimita 35, ndani ya bodi ndogo, A7 na A7R, halafu 2014 A7 II ikaja na kutuliza mtikisiko ndani ya bodi. Miaka mitano mizima, kuanzia 2013 mpaka 2018, ukitaka fulifremu isiyo na kioo yenye fokasi ya otomatiki unaenda Sony au unasubiri. Leica walikuwepo na SL yao tangu 2015 lakini hiyo sio kamera ya mtu wa kazi zetu.

Miaka hiyo mitano ndiyo iliyojenga ile orodha ya lenzi unayoiona leo. Bodi unaweza kuitengeneza ndani ya miaka miwili, lakini mfumo wa lenzi zaidi ya mia, zako na za kampuni nyingine, huwezi kuuharakisha. Kwa hiyo ukiniuliza mimi Sony bado wako mbele, na wako mbele kwenye lenzi, sio kwenye bodi.

MzeeLenzi

Kutangulia si kufika. Nakubaliana na historia ya Fremu24 ila hitimisho lake nalipinga.

Zile A7 za mwanzo zilikuwa na betri ndogo ya NP-FW50, mtu wa harusi anatembea na betri mfuko mzima. Menyu ilikuwa ya kutafuta kitu dakika tatu. Mambo yalikaa sawa ilipotoka A9 2017 na A7 III 2018 na betri mpya ya NP-FZ100, hapo picha zikapanda mpaka mia saba na kitu kwa chaji moja. Na ni mwaka huohuo wa 2018 wakubwa waliamka. Agosti Nikon wakatoa Z6 na Z7, Septemba Canon wakatoa EOS R, na Septemba hiyohiyo Leica, Panasonic na Sigma wakatangaza kushirikiana kwenye maunti (pale lenzi inapofungwa kwenye bodi) ya L. Ndani ya wiki chache Sony wakatoka kuwa peke yao wakawa mmoja kati ya wanne.

Sasa tuangalie maunti, maana watu wanapenda kusema bodi bodi wakati kila kitu kinaanzia kwenye lile duara la chuma. DSLR ilikuwa inahitaji nafasi ya kioo kujiinua, kwa hiyo EF ya Canon ina milimita 44 kutoka kwenye maunti mpaka kwenye sensa, F ya Nikon ina 46.5. Ukishatoa kioo ile nafasi yote unaiokoa. Maunti mpya ya Canon, RF, imeshuka mpaka milimita 20, Nikon Z imeshuka mpaka 16 na upana wa ndani ni 55, Canon wakabaki na upana wao wa 54. Sony E ina 18 lakini upana wake ni 46 tu, na ilianza na zile NEX za sensa ndogo. Ukigeuza lenzi ya RF ukaiangalia kwa nyuma utaona kioo cha mwisho ni kikubwa ajabu na kimekaa karibu kabisa na ukingo, karibu kuigusa bodi. Hiyo ndiyo nafasi aliyopewa fundi wa lenzi achezee. Canon walianza na 28-70 yenye f/2, yaani tundu kubwa la kuingiza mwanga, zuumu nzima, mwaka uleule wa kwanza. Nani alikuwa nayo zamani kwenye fulifremu yenye fokasi ya otomatiki na masafa hayo? Hakuna.

Na kwako wewe mwenye uzi kuna kitu cha muhimu kuliko yote haya. Lenzi zako za EF. Maunti ya EF tangu 1987 inaongea na bodi kwa umeme peke yake, mota iko ndani ya lenzi, tundu la lenzi linaendeshwa kwa umeme, hakuna chuma kinachosukuma chuma. Kwa hiyo adapta ya kuunganisha EF na RF ni bomba tupu lenye nyaya, ndani hamna kioo chochote. Haishushi ubora hata kidogo na fokasi inakwenda kama lenzi imezaliwa pale, mara nyingine inakwenda vizuri kuliko ilivyokuwa kwenye DSLR kwa sababu sensa yenyewe ndiyo inapima, yale mambo ya fokasi kukaa mbele au nyuma kidogo ya jicho yameisha. Mtu wa Nikon hana bahati hiyo kwa lenzi zake zote, adapta ya FTZ haina ile skrubu ya kuzungusha lenzi za zamani za AF-D, kwa hiyo zile anazitumia kwa mkono.

Fremu24

Mzee heshima yako ila hilo la upana wa maunti limeshapitwa. Hiyo 28-70 f/2 ya Canon ina uzito wa gramu 1430. Sony 2024 wametoa 28-70 f/2 kwenye hiyohiyo maunti nyembamba unayoisema, gramu 918. Nusu kilo pungufu! Mtu anayeshika kamera kuanzia asubuhi mpaka usiku kwenye harusi anajua nusu kilo ni nini kwenye kifundo cha mkono. Na 50 f/1.2 wanayo tangu 2021. Kwa hiyo ule utabiri wa 2018 kwamba Sony watakwama na maunti yao haukutimia.

MzeeLenzi

Ni kweli, na ni kazi nzuri sana waliyoifanya pale, siwezi kuibeza. Lakini imekuja miaka sita baadaye. Na ndio uzuri wa ushindani wenyewe, Canon wasingeitoa ile yao nzito Sony wasingejisumbua kutengeneza nyepesi.

KadiMbili

Mnaongea maunti lakini mmeruka suala kubwa, nani anaruhusiwa kutengeneza lenzi za hiyo maunti.

Sony walitoa taarifa za msingi za E bure kwa watengenezaji wengine 2011, na tukumbuke wana hisa Tamron. Matokeo yake Sigma, Tamron, Viltrox, Samyang na wengine wamejaa kule. Ile Tamron 28-75 f/2.8 ya 2018 ndiyo iliyohamisha watu wengi sana, wapiga picha wa harusi waliokuwa hawawezi kununua zuumu ya f/2.8 ya kampuni walipata mlango. Nikon mwanzoni walisitasita, baadaye lenzi za Tamron na Sigma zikaanza kuingia Z. Canon je? 2022 Viltrox wakaacha kuuza lenzi zao za fokasi ya otomatiki za RF kwa kutakiwa na Canon. 2024 ndio Sigma na Tamron wakatangaza lenzi za RF, na hata hizo zilikuwa za sensa ndogo ya APS-C, kwa fulifremu yenye fokasi ya otomatiki mlango ukabaki umefungwa.

Mimi hilo linaniuma kama mteja. Kampuni kulinda kazi yake naelewa, lakini mtu anayeanza maisha ya kamera leo na Canon ya fulifremu kwa fokasi ya otomatiki anabaki karibu na lenzi za Canon tu, za bei ya chini ambazo tundu lake ni dogo au za bei ya juu zenye duara jekundu, katikati pana pengo kubwa. Pengo hilo ndilo Sigma na Tamron wamelijaza kwa wengine.

Na ili niwe mkweli kwa pande zote, Sony nao hawajafungua kila kitu. Lenzi za wengine kwenye bodi zao za kasi zinaishia picha 15 kwa sekunde hata kama bodi inaweza 30 au 120. Kwa harusi haikuhusu, kwa michezo inakuhusu sana.

Bi_Shata

KadiMbili hapo umenena, ila kwa huyu mwenzetu pengo hilo halipo kwa sababu tayari ana EF. Lenzi za Sigma na Tamron za EF nazo zinafanya kazi kwa adapta ileile. Na watu wanaohama wanauza EF zao kwa wingi, kwa hiyo yeye anayebaki ndiye anayefaidi.

Tausi_Porini

Habari wakuu, mimi napiga ndege na wanyama, nitaongelea upande ambao ushindani umewaka kweli, kasi ya kusoma sensa. Naomba mnivumilie maana hapa ndipo teknolojia imebadilika zaidi kuliko mahali pengine.

Kwenye DSLR kila unapopiga kioo kinapanda, macho yako yanaona giza, kinashuka. Ukipiga mfululizo unamwona ndege vipande vipande. Anaporuka kutoka kwenye tawi ile nusu sekunde ya kwanza, mbawa zinafunguka juu, miguu bado iko nyuma, kichwa kinanyooka, ndiyo picha yenyewe, na ndiyo nusu sekunde ambayo kioo kilikuwa kinakuziba. Kamera za mwanzo zisizo na kioo hazikuwa bora, zilikuwa zinakuonyesha picha iliyopita badala ya inayotokea, unamfuata ndege mahali ambapo hayupo tena.

Sony A9 ya 2017 ndiyo iliyovunja hilo. Walibandika kumbukumbu nyuma ya sensa, tabaka juu ya tabaka, ikasomwa haraka kiasi kwamba picha 20 kwa sekunde unapiga na viufainda (pale unapochungulia) haizimi hata mara moja. Mara ya kwanza nimeishika nilidhani haipigi maana hamna sauti hamna giza, nikaangalia kadi nikakuta mfululizo mzima, jicho la ndege kali kila picha. Canon wakaleta yao ya matabaka kwenye R3 2021, na Nikon mwishoni mwa 2021 wakafanya jambo la ujasiri, Z9 wakaitoa bila shata ya chuma kabisa. Hakuna mapazia, hakuna kinachochakaa. 2023 wakaweka moyo uleule kwenye Z8 ndogo. Na Sony wakajibu na A9 III, iliyotangazwa Novemba 2023, sensa yote inasomwa kwa mkupuo mmoja, picha 120 kwa sekunde, flashi unaweza kuitumia hata kwa 1/80000. Yale mambo ya fimbo ya gofu kupinda kama upinde kwenye picha yameisha.

Kitu kingine Nikon wamekifanya ambacho nakiheshimu sana ni apdeti. Z9 uliyoinunua siku ya kwanza na Z9 ya leo ni kamera mbili tofauti, wameongeza fokasi maalum ya ndege, wameongeza kamera kujipigia yenyewe mnyama akiingia kwenye fremu, bila kukuambia ununue bodi mpya. Wengine wamelazimika kuiga, na mimi naona hapo ndipo mteja anaposhinda kuliko kwenye megapikseli.

Sasa Nuru kuhusu hofu yako ya kampuni kufa. Nina mfumo wa Micro Four Thirds pia kwa ajili ya safari za kutembea kwa mguu, lenzi ya 300 inanipa upeo wa 600 ya fulifremu na naibeba siku nzima begani bila shida. Olympus walipouza kitengo kwa JIP, kampuni ya uwekezaji ya Japani, kampuni mpya ya OM Digital Solutions ikaanza Januari 2021, kila mtu alisema ndio mwisho. 2022 wakatoa OM-1 yenye sensa ya matabaka. Na ile kamera kuhifadhi picha za kabla hujabonyeza mpaka mwisho, ambayo leo wakubwa wanaitangaza kama kitu kipya, Olympus walikuwa nayo kwenye E-M1 Mark II tangu 2016. Kwa hiyo kuuzwa sio kufa. Samsung ni habari nyingine, wao kamera ilikuwa kitengo kidogo ndani ya kampuni kubwa inayoishi kwa simu, walipoona haina faida wakaondoka bila hata kumpata mrithi.

Rangi_Asilia

Watu wa Fuji tumetajwa kwa rangi tu, naomba niongeze kitu. Fujifilm waliangalia ile vita ya fulifremu wakaamua kutoingia kabisa. Wana APS-C chini na GFX juu tangu 2017, sensa ya milimita 44 kwa 33, kubwa kuliko fulifremu. Katikati wamewaachia wengine wauane. Na zile rangi zinatokana na uzoefu wao wa miaka mingi wa kutengeneza filamu, mtu anapata picha ya kumpa mteja moja kwa moja kutoka kwenye kamera. X100VI ya 2024 ilitafutwa mpaka haikupatikana, na hiyo hata lenzi haibadilishwi. Kwa harusi X-T5 inafanya kazi vizuri lakini kwa mtu mwenye lenzi za EF mkononi, sitakudanganya, baki Canon.

Fremu24

Niongeze kwenye swali la wanashindania nini. Soko lenyewe limekuwa dogo mno. Takwimu za CIPA, chama cha watengenezaji kamera wa Japani, zinaonyesha 2010 zilisafirishwa kamera za dijitali zaidi ya milioni 120. Miaka hii ya karibuni ni kama milioni nane hivi. Simu imekula zote zile ndogo za mfukoni. 2020 ndio mwaka ambao zisizo na kioo zilizipita DSLR kwa idadi, na tangu hapo ndizo zinazobeba biashara.

Kwa hiyo hawashindanii tena kila mtu mwenye familia anayetaka kamera ya likizo. Wanamshindania yule aliye tayari kutumia hela nyingi, na huyo yuko wa aina mbili. Mmoja ni mtu wa kazi kama wewe. Mwingine ni mtu wa video. Angalia Nikon 2024 wameinunua RED, kampuni ya kamera za sinema, Nikon ambao zamani video walikuwa wanaifanya kama nyongeza. Panasonic waliokuwa wanapigwa mawe kwa fokasi yao ya kuwindawinda, 2023 kwenye S5 II wakaweka fokasi ya awamu, isiyowindawinda, hatimaye, na sababu kubwa ni hao watu wa video wanaojirekodi wenyewe bila mtu nyuma ya kamera. Canon R5 ilipotoka 2020 na video ya 8K dunia nzima ilikuwa inaongelea kupata joto, picha zake nzuri zikasahaulika kwa miezi. Hiyo inakuonyesha mizani imelalia wapi.

Na kitu kingine ambacho watu hawakitilii maanani, Sony wanatengeneza sensa na kuwauzia wapinzani wao. Nikon wananunua kwao, Fujifilm wananunua kwao. Canon ndio wanaojitengenezea. Ndio maana unaona sifa zinafanana. Ukishatoa sensa, kilichobaki cha kushindania ni programu ya fokasi, lenzi, na namna bodi inavyokaa mkononi.

Nuru_ya_Jioni

Aisee nashukuruni sana, hii ndio michango niliyokuwa naitafuta. Kwa hiyo nikiwaelewa vizuri, kwa mtu asiye na kitu angeweza kwenda Sony kwa sababu ya wingi wa lenzi, kwa mtu wa ndege kuna Nikon na Sony, lakini mimi mwenye EF kuhama ni kupoteza bure. Naanza kuangalia R6 Mark II na R8 za Canon. R8 ni ndogo na naambiwa sensa ni ileile. Kuna sababu ya kuongeza hela kwa R6 Mark II? Na ile shata ya kimya, naweza kuitumia ibada ikiendelea?

Bi_Shata

Dada nakujibu mimi maana harusi ndio kazi yangu, na ninatumia hiyohiyo R6 Mark II.

Sababu ipo na sio ndogo. R8 ina nafasi ya kadi moja, R6 Mark II ina mbili. Picha ya mtu anakula kiapo huwezi kumwambia arudie kwa sababu kadi imekufa, kwa kazi ya kulipwa kadi mbili sio anasa. Nikon walisemwa sana 2018 kwa Z6 na Z7 kuwa na kadi moja, na Z6 II ikaja na mbili, kwa hiyo ujue hata wao walisikia. Pia R8 haina kutuliza mtikisiko ndani ya bodi, na hiyo 50 yako ndogo haina ndani ya lenzi, kwa hiyo ukumbini usiku utaikosa. Betri ya R8 ni ile ndogo ya LP-E17. R6 Mark II inatumia familia ya LP-E6, na kama DSLR zako ni za daraja la 5D au 6D basi betri ulizonazo zitaingia humo na zitafanya kazi.

Shata ya kimya tumia lakini ijaribu kwanza palepale ukumbini. Sensa ya R6 Mark II sio ya matabaka, inasomwa mstari kwa mstari, sasa taa za LED nyingi zinawaka na kuzima haraka kuliko jicho linavyoona. Matokeo yake unapata picha ina mistari ya giza na mwanga inayokatiza usoni kwa bibi harusi kama kivuli cha pazia, na haitoki kwa kuhariri. Ninachofanya, kabla watu hawajaingia napiga ukuta mweupe kwa shata ya kielektroniki kwa kasi mbalimbali, 1/100, 1/125, 1/160, naangalia mistari ipo au haipo. Nikiona ipo hata kidogo narudi kwenye shata ya chuma, sauti yake ni ndogo kuliko DSLR kwa hiyo mchungaji au shehe hageuki. Na kwa kielektroniki flashi haiwaki kwenye hiyo bodi, usije ukaingia mezani kwa keki ukaanza kushangaa.

Faida utakayoiona siku ya kwanza ni viufainda. Ukumbi wenye giza, DSLR unachungulia huoni sura, unabahatisha. Hii unaona picha ilivyo kabla hujapiga, weupe wa gauni ukianza kuungua unauona palepale unashusha nusu hatua. Na fokasi inashika jicho hata bibi harusi akiwa na shela usoni, mara chache sana inakosea ikashika kitambaa, hapo unagusa kioo cha nyuma kuirudisha.

Nuru_ya_Jioni

Hapo kwenye kadi umenimaliza kabisa, naenda R6 Mark II. La mwisho, 70-200 yangu ina kutuliza mtikisiko ndani ya lenzi. Nikiiweka kwa adapta vitagombana na ile ya bodi?

MzeeLenzi

Havigombani, vinasaidiana. Lenzi inashughulikia mtikisiko wa kuinama na kugeuka, bodi inaongeza ule wa kuzunguka ambao lenzi haiwezi. Ukizima swichi ya lenzi na ya bodi inazimika, kwa hiyo iache imewashwa.

Adapta za Canon ziko tatu, ya kawaida, yenye ringi ya kudhibiti, na yenye nafasi ya kuchomeka filta. Kwa harusi ya kawaida inatosha. Ila nunua mbili, moja ikae kwenye 24-70 na nyingine kwenye 70-200 moja kwa moja usizitoe, unakuwa unabadilisha lenzi kama lenzi za RF. Ukiwa na moja utajikuta unaihangaikia adapta wakati maharusi wanaingia.

Bi_Shata

Na hiyo ya tatu, 50, nunua RF 50 f/1.8 yenyewe, ni ndogo na ndiyo lenzi moja ya bei nafuu ya Canon ambayo sina neno nayo.